Ng'ombe wa Sindano Mia Mbili

Wasichana wangu wa Nkende, mmeniomba niandike. Mlisema, Mama Rhobi, wewe umepumzika lakini kila mashine ikikwama tunakufuata nyumbani hata ukiwa unakula, bora uandike tuwe tunasoma. Nimekubali. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya irukeni, mbele kuna nyingine. Kusoma sikusoma, ila masweta nayajua, na mtu wa kunifundisha masweta katika wilaya hii ya Tarime hajazaliwa, au kama amezaliwa bado ananyonya.

Habari za nilipata kiasi gani msizitafute humu. Mnaona nyumba, mnaona watoto, mnaona mashine sita. Inatosha.

Nianze na ndoa, kwa sababu mashine ilikuja kupitia ndoa. Niliolewa kijijini Nyarero, nyumba ntobhu. Kwa atakayesoma akiwa mbali na kwetu nieleze. Mama mmoja, jina lake Wankuru, alifiwa na mume akiwa na binti mmoja tu na hana mtoto wa kiume. Alikuwa na ng'ombe. Akawapeleka kwa baba yangu, akanioa mimi, niwe mkamwana wa nyumba yake, na watoto nitakaowazaa wawe wa nyumba ile na mali yake iwe yao. Ni ndoa kama ndoa nyingine, na sijawahi kuionea aibu. Mimi nilimwita mama mkwe. Baba wa watoto simwandiki hapa, hakuja kufuma.

Mama mkwe alikuwa mrefu, mkavu, haongei sana. Alijua ng'ombe wake kwa nyayo. Niliamka naye, nikalima naye, na sikuwa na tatizo na jembe. Tatizo langu lilikuwa Rhobi. Mtoto wangu wa kwanza huyu alikuwa na akili inayowaka, na shule ilikuwa mbali, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kusema huyu atosha kuchunga. Mimi niliacha shule darasa la nne ili nichunge. Nililijua lile zizi ambako mwanangu alikuwa anapelekwa.

Siku moja nilikwenda Tarime mjini kuuza ndizi, asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya mwezi wa saba inayokufanya useme peke yako. Nikakuta mama mmoja wa Kijaluo pale sokoni anauza masweta ya shule. Watu wamemzunguka kama anagawa bure. Nikamuuliza anayatoa wapi. Akasema anayafuma mwenyewe, nyumbani kwake Nkende, palepale mjini, huku wanawe wakicheza miguuni. Nikamwambia muongo wewe. Akasema njoo uone.

Nikaacha ndizi zangu kwa jirani wa meza, nikaenda. Mpaka leo nikiikumbuka ile siku moyo unapiga. Chumbani kulikuwa na meza ndefu, juu yake chuma kirefu kama reli, na kwenye chuma sindano mia mbili zimejipanga, kila moja na kilimi chake kidogo kinachofunga na kufungua. Mama Atieno, ndilo jina lake, akashika kile kichwa cha mashine, akakisukuma kulia: krraa. Akakisukuma kushoto: krraa. Kila akipita, mstari mmoja wa sweta umeshuka. Mstari mzima! Bibi yangu alisuka vikapu, siku nzima anapata upana wa kiganja. Huyu kabla sijamaliza kupiga chafya alikuwa na kiuno cha mtoto wa darasa la pili. Nilisimama pale nikasahau ndizi, nikasahau chumvi niliyotumwa. Nikamwambia, nifundishe. Akaniangalia mikono.

"Mikono ya jembe hii," akasema. "Itabidi ijifunze adabu."

Nilikuwa nakwenda kwake siku mbili kwa wiki, kwa miguu, nimebeba mtoto mgongoni. Siku ya kwanza ya kushika mashine nilisukuma kwa nguvu zangu zote za Nyarero, bila kuangalia kwamba uzi umekatika. Wasichana, mnajua kinachotokea ukipita bila uzi. Sweta zima lilidondoka chini, limeachia sindano zote kwa mara moja, likalala sakafuni kama ngozi ya mbuzi. Kazi ya asubuhi nzima ya Mama Atieno. Nikadhani atanifukuza. Alichukua lile vazi, akavuta uzi mmoja, likafumuka lote mpaka likawa donge, akalirudisha kwenye mashine.

"Ndiyo uzuri wa sweta, nyathina, mwanangu," akasema. "Nguo ukiikata vibaya imekufa. Sweta ukikosea linafumuka, unaanza tena. Sasa anza."

Mengine aliyonifundisha ninyi mnayo, kwa sababu nimewapigia kelele kuyahusu miaka yote. Pitisha uzi kwenye mshumaa uteleze. Mafuta ni ya cherehani, si ya kupikia. Mtu aliyewahi kuweka ya kupikia namjua, na sasa anaandika. Uzito uning'inize sawa pande zote, na kama huna vyuma tia mawe kwenye soksi. Na usifume ukiwa na hasira, maana sweta la hasira linabana shingoni. Hilo la mwisho mlinicheka, lakini nendeni mkapime.

Baada ya mwaka Mama Atieno akaamua kurudi kwao ziwani, umri umeshakwenda. Mashine hakutaka kuiuza kwa pesa. Alitaka mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aende akaanze naye. Nikakosa usingizi wa mchana na wa usiku. Ng'ombe hawakuwa wangu, walikuwa wa Wankuru.

Nilimwambia tukiwa tunakamua. Aliendelea kukamua mpaka tukamaliza ng'ombe wote. Kisha akasema anataka kukiona hicho kitu kinacholingana na mtamba. Nikampeleka Nkende. Aliizunguka mashine kama anavyozunguka ng'ombe mnadani, akainama akaangalia chini, akagonga chuma. Akauliza inakula nini. Mama Atieno akasema nyuzi. Akauliza inazaa? Mama Atieno, ambaye hakuwahi kushindwa jibu, akasema, inategemea anayeichunga.

Mtamba akatoka. Lakini mama mkwe aliweka sharti, na sharti hilo ndilo nililoishi nalo mwaka ule wote. Alisema nenda mjini na watoto wako, panga, fuma. Shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza mwakani nitakuja. Kama mashine imesimama kwa miguu yake, utabaki. Kama haijasimama, mtarudi wote Nyarero, mashine tutaitafutia ng'ombe mwingine, na Rhobi atachunga. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza mvua itanyesha saa ngapi.

Tangu siku hiyo kila alipokuja Nkende kututazama, alisimama mlangoni na kigoda chake cha miguu mitatu mkononi, hakuingia, akauliza neno moja tu: "Ng'ombe wangu amezaa?" Nikijibu bado mama, anakaa nje, chini ya dirisha, anawaona wajukuu, anakunywa uji, anaondoka. Nikimwambia ingia ndani ukae kwenye kiti anasema hakai ndani ya nyumba isiyo na ng'ombe.

Sasa niwaeleze ninyi wenye watoto wadogo, mnaolia kwamba kazi na watoto haviendi. Vinaenda. Nilikuwa na watatu kwenye vyumba viwili vya kupanga. Rhobi miaka minane, darasa la kwanza, shule iko hatua mia tatu. Marwa miaka mitano, mwizi wa sukari. Na Bhoke, kitinda mimba, anatambaa. Bhoke alilala kwenye katoni ya nyuzi, na akiamka nilimfunga kitambaa kiunoni na ncha nyingine kwenye mguu wa meza, kimpe nafasi ya kufika kwenye kijiko na sufuria lakini asifike kwenye mawe yangu ya uzito. Jirani mmoja alisema namfunga mtoto kama ndama. Nikamwambia ndiyo, na ndama wangu hajawahi kuanguka kwenye jiko, wa kwako je?

Kile kidude cha mashine cha kuhesabu mistari kilikuwa kimeharibika tangu enzi za Mama Atieno. Kwa hiyo niliwatumia watoto. Krraa, Rhobi anasema moja. Krraa, mbili. Ikifika ishirini Marwa anaweka punje ya mahindi kwenye sahani. Rhobi akienda shule Marwa anahesabu mwenyewe, na kwa sababu hakujua zaidi ya ishirini alikuwa anaanza upya kila mara, na punje ndizo zinazosema ukweli. Wakati mwingine alikula punje. Kuna masweta ya enzi hiyo yana mkono mmoja mrefu, na mwenye kosa nimeshamtaja.

Mwezi wa kumi na moja bahati ikabisha hodi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wavulana, upande wa Serengeti, ukipita Ringwani, aliona sweta langu kwa mtoto wa mtu. Akatuma ujumbe nije nipime. Masweta themanini! Ya bluu, na ukanda wa njano shingoni. Niliruka mpaka Bhoke akalia kwa hofu. Nikapanda lori la mahindi, tukavuka Mto Mara, nikafika, nikawapanga wale vijana wa darasa la tano na la sita mstarini, nikawapima mmoja mmoja kwa futi ya fundi. Kifua, mkono, urefu. Niliandika nyuma ya kalenda, jina na vipimo. Sikukosea hata mmoja. Nasisitiza hilo, vipimo vyangu vilikuwa sahihi kama maji kwenye glasi.

Nikafuma. Nilifuma kuanzia jua linapoingia dirishani mpaka linapotoka. Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa wa jando, mji mzima unasikia filimbi na nyimbo, makundi yanapita barabarani, wazee wamevaa ngozi, vijana wametoka kutahiriwa wamefunikwa shuka. Mimi nikifuma. Sikukuu nilikwenda Nyarero siku moja, na mama mkwe akanituma nimpelekee maziwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyekuwa ndani anapona. Nikampelekea kibuyu kizima. Akakimaliza mbele yangu. Akala na nyama na ugali wa ulezi mlima mzima. Mashavu yamejaa, shingo imekuwa kama ya fahali. Nikamcheka, nikamwambia mura, kijana wangu, utapasua mlango. Kisha nikarudi Nkende, nikakaa kwenye mashine, nikaendelea kufuma vipimo vya mwezi wa kumi na moja.

Mmeshaona? Ninyi mmeona kwa sababu mnasoma mmekaa. Mimi sikuona.

Shule zilipofunguliwa nilipeleka masweta themanini kwa pikapu ya shule. Nilivaa kitenge changu cha sherehe. Vijana wakapangwa, majina yakasomwa. Wa kwanza akavaa, safi. Wa pili, safi. Wa tatu aliitwa Mwita, namkumbuka mpaka alama ya paji la uso. Aliingiza kichwa, aliingiza mikono, na sweta likagoma kifuani. Akavuta. Likashuka mpaka juu ya kitovu, mikono imesimama kama ya mtu aliyekamatwa. Wenzake wakaanza kucheka. Nikamwambia vua tujaribu tena. Akalivua taratibu, akalikunja vizuri kabisa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," akasema. "Hili ni la mtoto. Mimi nimetoka jando."

Na wa nne vilevile. Na wa sita. Zaidi ya nusu ya vijana wale walikuwa wamepitia jando likizo ile. Mwezi mzima wamekaa ndani wanakula nyama na kunywa maziwa, hawachungi, hawalimi, hawakimbii. Mimi Mkurya, binti wa Mkurya, mwenye kaka wanne ambao wote niliwabebea vibuyu, nilikuwa nimewapima vijana wiki mbili kabla ya jando! Masweta arobaini na matatu yalibana. Na lililo baya si kubana tu. Hata yale yaliyoingia kwa kusukumwa, wenyewe waliyakataa. Ukitoka jando huvai kitu kinachokufanya uonekane mtoto, bora ufe na baridi.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema, mama, leo Jumatatu. Jumatatu ijayo nataka vijana wamevaa, la sivyo nitaagiza Mwanza, na haya utayachukua yote themanini, siwezi kuvalisha nusu. Nikapanda pikapu na yale arobaini na matatu mapajani. Njia nzima nilikuwa naliona zizi la Nyarero, na Rhobi amesimama getini na fimbo.

Nilipofika Nkende, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kigoda chake. Si alisema atakuja shule zikifunguliwa? Alikuja.

"Ng'ombe wangu amezaa?"

Nikaweka furushi chini, nikamweleza. Yote, sikuficha. Nilidhani atasema fungeni vitu. Akachukua sweta moja, akalipima kwa mikono, akauliza niliwapima lini. Nikasema mwezi wa kumi na moja. Akauliza kabla ya jando au baada. Nikainamia furushi. Akasema, "Na ule mwezi wa kumi na mbili ulimpelekea nani maziwa?"

Kisha akacheka. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa na sikujua kwamba anacheka. Alikaa kwenye kigoda, akacheka mpaka kilemba kikateleza, na majirani wakatoka kuona kuna nini Nkende. Alipomaliza alijifuta macho kwa lile sweta la mwalimu mkuu.

Nikamwambia nitafumua yote nianze upya, kama nilivyofundishwa, lakini siku saba hazitoshi masweta arobaini na matatu, na uzi wa bluu umekwisha mji mzima, kila fundi ameununua kwa ajili ya shule. Nimebaki na koni za njano tu, za ule ukanda wa shingoni. Akalizungusha lile sweta. Akasema zamani tulivaa ngozi. Mwanamke akiwa na mimba ngozi inambana. Sisi hatukumchinjia ng'ombe mwingine, tulipasua ubavuni, tukaongeza kipande.

Niliruka, wasichana. Niliruka juu kweli, nikiwa na akili zangu zote. Nikachukua mkasi wa uzi nikaachia mshono wa ubavu wa sweta la Mwita kutoka pindoni mpaka kwapani, na mkononi mpaka kiwiko. Nikapanga sindano thelathini, nikafuma kipande kirefu chembamba cha njano, mistari mia mbili na ishirini, nikakiunga. Ubavu ukafunguka kama mlango. Bluu na njano! Nililiinua dirishani na mwanga ukapita, na nikajua kwamba likiwa baya, basi ni baya zuri.

Vipande themanini na sita vilitakiwa. Wiki ile ilikuwa ya mbio. Mimi nasukuma, krraa krraa, Marwa anahesabu na punje, safari hii ameapishwa na bibi yake asile. Rhobi akitoka shule anapokea hesabu, na mimi napata kupumzisha koo. Mama mkwe alikaa nje chini ya dirisha, Bhoke kati ya miguu yake, anaunga. Sikujua kama anaweza. Alikuwa ameshona vibuyu vilivyopasuka maisha yake yote, na mshono wa kibuyu usipokaza maziwa yanamwagika. Mshono wake kwenye sweta ulikuwa haupitishi hata upepo. Nampa kipande kupitia dirishani, ananirudishia sweta kupitia dirishani. Siku sita. Mara moja tu alisema neno, siku ya nne, nilipolegea nikakaa nimeshika kichwa. Alisema kutoka nje, bila kuinuka: "Mkamwana, sisikii ng'ombe wangu." Nikashika mashine.

Jumatatu nilirudi shuleni. Nilimwita Mwita kwanza, nilitaka nijue mapema. Akalivaa. Likashuka mpaka kiunoni, likakaa. Akainua mikono, na njano ikaonekana kutoka kiunoni mpaka kiwiko. Kijana mmoja nyuma akasema, nyigu huyo! Wenzake wakaanza kuzomea. Mwita hakushtuka. Alijigeuza ubavu wa kulia, akajigeuza ubavu wa kushoto, akamwangalia yule aliyesema nyigu, mtoto mwembamba ambaye jando lake bado.

"Hili ni la waliotoka jando," akasema. "Wewe utafumiwa mwakani."

Halafu wale wengine arobaini na wawili wakanivamia kama nina nyama. Langu liko wapi mama, la kwangu lina njano? Wakavaa, wakatembea uwanjani wamenyanyua viwiko kidogo ili ubavu uonekane, eti hivyo ndivyo wanavyotembea siku zote. Sikuwahi kuona nguo ya shule inatembezwa vile.

Saa sita mwalimu mkuu akaniita. Akasema mama, umeniletea balaa. Nina vijana thelathini na saba pale nje wamevua masweta mazima na wanasema hawavai mpaka yawekwe njano ubavuni. Akatazama uwanjani. Akasema sare lazima ifanane. Yachukue hayo yaliyobaki, yaweke. Na mwakani darasa la nne nalo, hivyohivyo. Nikamuuliza, na nipime lini? Akasema mama, hilo mimi sikufundishi.

Nilirudi Nkende mchana wa saa tisa. Mama mkwe alikuwa palepale chini ya dirisha, Bhoke amelala kifuani kwake. Hakuinuka. Aliangalia furushi nililobeba, akaona ni masweta tena, na uso wake ukakaza.

"Ng'ombe wangu amezaa?"

Nikasema, "Amezaa mama. Mapacha."

Nikamweleza. Alinikabidhi mtoto, akachukua kigoda chake, akainama kidogo kwa sababu mlango ulikuwa mfupi na yeye mrefu, akaingia. Akakiweka kando ya mashine. Akakaa. Akatazama kuta, akatazama sindano, akamtazama Rhobi aliyekuwa ametoka shule na daftari mkononi, anaogopa hata kupumua.

"Soma hilo la leo," akamwambia. "Na mama yako aniletee uji."

Hayo ya mbele mnayajua. Masweta ya ubavu yalienea shule baada ya shule, kila moja na rangi yake, na mafundi wengine wakaiga, na wakaiga vibaya. Mashine zikaongezeka. Sikuwahi tena kumpima mvulana kabla ya jando, na ninyi msithubutu. Mama mkwe alikuja kuunga vipande kila mwezi wa kwanza, ndani, kwenye kigoda chake, mpaka macho yalipomkatalia, na alipofariki alizikwa Nyarero na mimi nilirithi kigoda. Rhobi anafundisha hesabu sekondari. Anasema alianzia hapo kwenye mistari, na mimi simpingi. Marwa ana lori, na sukari bado anaiba. Bhoke ni nesi, na ananifokea nikifuma, kwa ajili ya bega hili la kulia lililosukuma chuma miaka thelathini na tatu. Ndiyo sababu nimepumzika. Si kwamba nimechoka. Bega limechoka, mimi bado.

Mashine tano mmegawana, mnajua masharti. Ile ya kwanza, ya Mama Atieno, wengi mlitaka niiweke sebuleni iwe ukumbusho. Ukumbusho gani? Ng'ombe hawekwi sebuleni. Nimempa Ghati, mdogo wenu, mwenye mtoto anayetembea na mwingine mgongoni, aliyekuwa anataka kuacha kazi kwa sababu hana pa kuwaacha. Amepanga vyumba viwili kule nyuma ya soko. Nimempa mpaka shule zitakapofunguliwa.

Jumamosi nilikwenda kumtazama. Kabla sijabisha nikaisikia, krraa, krraa, sauti ileile. Mdogo alikuwa amelala kwenye katoni ya nyuzi, na mkubwa amefungwa kitambaa kwenye mguu wa meza, anapiga sufuria. Nilisimama mlangoni na kigoda mkononi.

"Ng'ombe wangu amezaa?"

Ghati akaacha kusukuma. Akaniangalia mimi, akaangalia kigoda. Huyu binti hana aibu, ndiyo maana nampenda.

"Bado mama," akasema. "Lakini ana mimba."

Akaniambia niingie nikae. Nilikataa. Nilikunywa uji wangu nje, uji mzuri tu, umekolea, kisha nikaondoka. Kigoda nimekiacha kwake, nje, chini ya dirisha. Asikiingize. Siku ikifika nitakiingiza mwenyewe.